Kitabu kimoja cha hadithi, watoto themanini: mwongozo kamili wa kusoma vitabu vya picha darasani, awali mpaka la pili

Mbukwenyi walimu wenzangu.

Naandika kwa ajili ya mwalimu wa awali, la kwanza na la pili, hasa wewe uliyeko Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Chemba, Kondoa au hapa hapa jijini Dodoma, ambaye darasa lako lina watoto themanini na kitabu cha hadithi chenye picha ni kimoja tu, au viwili ambavyo kurasa zimeshaanza kung'oka. Mwongozo wa serikali unasema mwalimu mmoja kwa watoto 45, na awali 25, ila mi nimefundisha huku na najua darasa linakuwaje ikifika Januari, kwahiyo sitakuandikia kama vile una watoto 25 wamekaa kwenye zulia.

Kitu ninachotaka ukishike ni kimoja, hatua zingine zote zinatoka humo: picha ifike machoni pa mtoto kabla neno halijafika sikioni. Watoto wetu wengi wanaingia awali nyumbani wanaongea Kigogo, Kirangi, Kisandawe au Kikaguru, Kiswahili wanakisikia dukani na redioni. Ukimsomea kwamba hapo zamani palikuwa na jumba la mfalme katikati ya msitu, hajapata kitu, umemwaga maji kwenye mchanga. Ila akikaa na ile picha hata nusu dakika tu, jumba akaliona, miti akaiona, lile neno likija linakuta kiti kimeshawekwa. Na kosa tunalofanya karibu wote ni kusoma ukurasa mzima kitabu kikiwa kimetugeukia sisi, alafu mwishoni tunaipitisha picha fasta kulia kushoto kama mtu anaonyesha kitambulisho getini. Mtoto wa nyuma hajaona, na akishakosa picha mbili tatu anaanza kumfinya mwenzie, alafu tunasema huyu mtundu.

Hatua ya 1: kuchagua hadithi

Hapa nitakaa kidogo maana ukikosea hapa hata usome kwa sauti nzuri vipi haisaidii.

Kwanza picha yenyewe. Simamisha kitabu kwenye kiti, kifungue ukurasa wa katikati, rudi nyuma hatua tano kubwa. Je, unaona mhusika anafanya nini? Siyo kuona tu kwamba kuna picha, hapana, uone kwamba sungura kabeba mzigo na fisi anamchungulia. Kama huoni, basi hicho kitabu ni cha kikundi cha watoto kumi, usikipeleke mbele ya darasa zima. Pili maneno, ukurasa mmoja usizidi sentensi tatu kwa la kwanza na la pili, na kwa awali sentensi moja inatosha kabisa. Tatu, tafuta hadithi yenye kitu kinachojirudia, wimbo mfupi au maneno yale yale ya zimwi kila likifika mlangoni, maana hapo ndo watoto themanini wanapata nafasi ya kuongea wote kwa pamoja bila wewe kumchagua mtu.

Kuhusu hadithi za kwetu na za Ulaya, mi nasema tumia zote. Sungura na Fisi watoto wanawajua hata kabla ya shule, bibi zao wamewasimulia, kwahiyo ukianza na hizo unaanza na kitu ambacho mtoto ana cha kuchangia. Zetu nazo ni za kale kweli, za pwani tu zilishakusanywa Zanzibar na Askofu Edward Steere zikachapwa 1870. Zile za Ulaya zenye binti wa mfalme na mbwa mwitu wengi tunazipata kwenye maboksi ya msaada, na ni vizuri ujue zilitoka wapi: Charles Perrault wa Ufaransa alichapa zake 1697, ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, wakatoa kitabu chao cha kwanza 1812. Kwa nini nakwambia hivi? Kwa sababu hadithi moja ina miisho tofauti. Yule binti mwenye kofia nyekundu, kwa Perrault anamezwa na mbwa mwitu na hadithi inaishia hapo hapo, yaani mtoto kaliwa basi, ila kwa akina Grimm anakuja mwindaji anamtoa tumboni mzima. Kwahiyo usiseme tu hii hadithi naijua nilisoma zamani, fungua ukurasa wa mwisho wa kitabu ulichoshika uone mwisho wake ni upi. Kwa awali chagua mwisho ambao mtoto anarudi nyumbani.

Alafu kuna mambo mawili lazima uyaangalie kabla hujaingia darasani.

La kwanza ni mama wa kambo. Hadithi nyingi sana zina mama wa kambo mwenye roho mbaya, na darasani kwako wapo watoto wanaolelewa na mama wa kambo, tena wengine wanalelewa vizuri tu. Niliwahi kusoma hadithi ya namna hiyo darasa la pili, nikafika pale mama anamnyima mtoto chakula, nikaona kichwa cha kwanza kimegeuka, cha pili, cha tatu, wote wanamwangalia binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha, naye kainamisha kichwa anachora chora dawati kwa kucha. Siku hiyo nilijifunza. Sasa hivi nasoma "yule mama" basi, na kama picha inaonyesha ubaya wake nasema mama huyu alikuwa na roho mbaya, nakwenda mbele. Hadithi haipungukiwi na kitu.

La pili ni bibi mchawi. Angalia anavyochorwa: mgongo umepinda, meno mawili, macho mekundu, fimbo mkononi. Sasa toka nje ya darasa utamkuta bibi wa mtu amepinda mgongo kwa kulima na macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni miaka hamsini. Hapa nchini vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, hili tunalijua wote, siyo jambo la kupita nalo kirahisi. Mi kitabu ambacho ubaya wote umebebeshwa uso wa bibi kizee sikisomi kabisa, nachukua cha zimwi. Zimwi halina jirani anayefanana nalo. Lina mdomo mkubwa, lina jicho moja, mtoto anaogopa na anafurahi alafu akitoka nje hamnyooshei mtu kidole.

Hatua ya 2: soma mwenyewe kwanza, kwa sauti

Mara mbili au tatu, nyumbani, kwa sauti. Kusoma kimya kimya hakukuonyeshi ni wapi ulimi utakwama. Tia alama ya penseli nyepesi sehemu mbili tu ambazo utasimama uwaulize watoto kitu, nasema mbili, tutarudi hapo.

Chagua maneno matatu mpaka matano ambayo watoto hawatayajua, utafute cha kuyaonyesha. Taji linakatwa kwenye boksi. Kibuyu unacho. Kwa neno msitu hapa kwetu kuna kazi kidogo, mtoto wa Bahi anajua pori, anajua miiba na mibuyu, ila msitu ambao jua halifiki chini hajawahi kuuona, kwahiyo usimwambie msitu ni pori kubwa ukaishia hapo, mwambie ni miti mingi imebanana mpaka mchana panakuwa kama jioni, alafu waoneshe kwenye picha pale penye giza.

Na sasa kitu kitakachokuokoa sana. Andika maneno ya kitabu kizima kwenye karatasi ya daftari, kila ukurasa na namba yake, mwandiko mkubwa. Hiyo karatasi unaishika nyuma ya kitabu, imebanwa na kibanio cha nguo kwenye jalada la nyuma. Kitabu kinawatazama watoto muda wote, wewe unasoma kwenye karatasi yako. Ukijaribu mara moja hutarudi kule kwa kusoma huku umepinda shingo. Ukirudia kitabu mara nyingi utakuwa umeyashika maneno kichwani na karatasi utaiacha.

Hatua ya 3: kukaa

Watoto themanini hawawezi kuona kitabu kimoja, hata ufanyeje. Zipo njia tatu, zote nimezitumia.

Njia ninayoipenda ni kugawa darasa mara mbili ndani ya kipindi hicho hicho. Nusu wanakaa chini kwenye mkeka au viroba vya sandarusi vilivyofumuliwa na kushonwa pamoja, nusu duara, mistari mitatu, wafupi mbele. Nusu nyingine wako pembeni na vizibo vya soda wanaunda herufi ulizoandika ubaoni, au wako nje kivulini wanaandika kwa vijiti ardhini, na kiranja anawaangalia. Baada ya dakika kumi na tano wanabadilishana. Ndiyo, unasoma mara mbili, ila dakika kumi na tano na watoto arobaini wanaoona ni bora kuliko nusu saa na themanini wasioona.

Njia ya pili ni kuongea na mwalimu wa darasa la jirani, yeye achukue nusu kwa nyimbo na mchezo, kesho wewe unachukua wa kwake. Ya tatu, kama uko peke yako kabisa na hamna pa kuwapeleka, chora picha tatu kubwa za hadithi kwenye manila, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, unazibandika ubaoni, na kitabu chenyewe unakipitisha mstari kwa mstari. Kuchora siyo lazima ujue, mtoto anamkubali sungura mwenye masikio marefu hata kama miguu haijakaa sawa.

Wewe kaa kwenye kiti kifupi, usisimame. Kitabu kiwe usawa wa bega lako pembeni, siyo mbele ya kifua, na kisipeane mgongo na dirisha maana mwanga wa nyuma unafanya ukurasa uwe mweusi kwao. Ukigeuza ukurasa, kizungushe pole pole kutoka kushoto kwenda kulia, hesabu kimoyomoyo mpaka tatu kila upande, usiongee wakati kinazunguka.

Mtoto mwenye ualbino mkalishe mbele kabisa maana wengi wao macho hayaoni mbali, na kama mko chini ya mti hakikisha kivuli hakitamhama kabla hamjamaliza. Mwenye shida ya kusikia akae pale anapouona mdomo wako.

Na kama mnasomea nje, kuanzia Julai mpaka Septemba upepo wa Dodoma unaujua mwenyewe. Vibanio viwili vya nguo, kimoja kila upande wa kitabu, vinatosha. Bila hivyo zimwi linatokea kabla hujafika kwenye zimwi.

Hatua ya 4: fungua mlango

Usiseme leo tutasoma kitabu kinachoitwa hivi. Sema Paukwa! Wakijibu Pakawa! kwa unyonge, rudia mpaka bati litikisike. Au Hadithi hadithi! wakujibu Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea! Hii siyo mapambo, ni kengele. Mtoto anaelewa kwamba sasa tumetoka kwenye mambo ya kweli tumeingia kwenye mambo ya hadithi, na ndiyo maana fisi anaweza kuongea. Kama wapo watoto wanaojua mwanzo wa hadithi kwa Kigogo au Kirangi kama wanavyoanziwa na bibi nyumbani, waache waanzishe wao, darasa litafuata. Mtoto ambaye hajafungua mdomo tangu Januari nimemwona akisimama kwa hili.

Hatua ya 5: siku ya kwanza usisome kabisa

Najua inashangaza. Siku ya kwanza ni picha tu. Jalada, ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka karibu na mwisho, ila ukurasa wa mwisho ufiche. Kazi yako ni kuuliza maswali mawili tu kila picha: unaona nini? na hapo, nini kinakuambia hivyo? Alafu nyamaza. Kunyamaza ndo kugumu. Hesabu mpaka tano kabla hujaongeza neno, maana mtoto anayetafuta neno la Kiswahili kichwani anahitaji hizo sekunde, na sisi tunamkatisha kila mara tukidhani hajui.

Akijibu kwa Kigogo, pokea. Sema ndiyo, na kwa Kiswahili tunaita hivi, wote mseme. Usimwambie ongea Kiswahili, jibu lake lilikuwa sahihi.

Nikupe mfano. Kitabu cha mbwa mwitu, yule wa Ulaya, wa kijivu, mkia umejaa manyoya. Nikauliza unaona nini, mtoto mmoja akasema mbwa. Nilitaka kumwambia hapana. Nikauliza, nini kinakuambia ni mbwa? Akasema masikio, na miguu. Mwingine nyuma akasema siyo mbwa huyo, mbwa wa kwetu hana meno nje. Wa tatu akasema ni fisi. Wakabishana pale, huyu anasema fisi mgongo umeshuka nyuma, huyu hajashuka, na hiyo ni kweli kabisa, watoto wanaochunga mbuzi wanamjua fisi kuliko mimi. Dakika nne nzima hawajatoka kwenye picha moja, na nilipokuja kuwaambia huyu anaitwa mbwa mwitu, neno lilikaa. Wengine wanashauri umgeuze mbwa mwitu awe fisi ili watoto waelewe. Mi sikubaliani, kama picha ni ya mbwa mwitu usiseme fisi, mtoto ataamini macho yake na kukuacha wewe. Ukitaka fisi tafuta kitabu cha fisi.

Picha kusomwa siyo jambo la kuazima kutoka mbali. Kule Kolo, Kondoa, watu walishachora wanyama na watu kwenye majabali enzi na enzi, michoro hiyo iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006, na kama shule yako iko karibu wapeleke watoto wasimame mbele ya jabali uwaulize swali lile lile, unaona nini.

Mwisho wa siku ya kwanza uliza, mnadhani itaishaje? Chukua majibu matatu manne, funga kitabu. Watakusumbua mpaka kesho, waache.

Hatua ya 6: kusoma mara ya kwanza

Siku ya pili soma moja kwa moja, kwa mwendo wa mtu anayesimulia jioni, ukisimama pale pawili tu ulipotia alama. Kuna walimu wanauliza maswali kila ukurasa kwa sababu tumefundishwa ushirikishwaji, mi naona inaikata hadithi vipande vipande mpaka mtoto anasahau sungura alikuwa anakwenda wapi. Maswali tuliyamaliza jana kwenye picha. Leo ni hadithi.

Utaratibu ni ule ule kila ukurasa: geuza, zungusha picha kimya, alafu soma. Picha, alafu neno.

Sauti ya zimwi iwe ya chini na nzito, usipige kelele. Nilishawahi kunguruma kwa nguvu kwenye darasa la awali, mtoto mmoja akalia hakunyamaza mpaka tukamwita dada yake kutoka la tatu. Zimwi linaloongea pole pole linatisha vya kutosha, na mtoto anaweza kuliiga. Sungura mpe sauti ya haraka haraka. Wahusika wengine wote wasomee kwa sauti yako ya kawaida, ukiweka sauti sita utazichanganya.

Chagua muda vizuri pia. Kama shule ina uji, soma baada ya uji. Mtoto mwenye njaa haoni picha.

Hatua ya 7: mara ya pili, ya tatu, ya nne

Kitabu kimoja kitumie wiki nzima na usione aibu, watoto hawachoki, tunaochoka ni sisi. Jumatatu picha, Jumanne kusoma, Jumatano kusoma tena na watoto wanachukua yale maneno yanayojirudia, Alhamisi wanaigiza, Ijumaa wanasimulia wao ukiwa unafungua kurasa tu. Kwenye kuigiza usitafute wahusika watatu na themanini wakae kutazama, gawa darasa, mstari huu wote ni sungura, ule wote ni fisi, wale ni miti na upepo. Kama kuna mtoto anajua kupiga ilimba, ile ala ya Wagogo ya kupiga kwa vidole gumba, au kuna ngoma shuleni, ipigwe pale zimwi linapotembea.

Hatua ya 8: kuunganisha na KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu)

Mwalimu wa taaluma atakuuliza hiki kipindi kiko wapi kwenye andalio la somo, na ana haki ya kuuliza. Jibu ni jepesi, kusoma kwa ufahamu, kusikiliza na kuzungumza, yote yamo. Toa maneno mawili kutoka kwenye hadithi, yaandike ubaoni chini ya picha yake. Fisi. Sungura. Kila silabi weka kizibo kimoja: fi-si viwili, su-ngu-ra vitatu. Nani anaweza kuleta neno lingine linaloanza na fi? Neno kama mfalme liache kwanza kwa wanaoanza, ile l ya katikati inawachanganya. La pili waandike sentensi moja tu: Fisi alikuwa na... kila mtu amalizie, hapo utaona nani ameelewa bila hata kutoa mtihani.

Hesabu nayo imo. Sungura amebeba mabuyu mangapi kwenye picha, fisi akila mawili yanabaki mangapi.

Hatua ya 9: watoto wakishike wenyewe

Hapa ndo wengi tunaogopa. Kuna shule niliyofundisha maboksi mawili ya vitabu vya hadithi yalikuwa kwenye kabati la ofisi, yamefungwa kufuli, mwaka mzima, eti vitachafuka. Vilikuwa visafi kweli, na hakuna mtoto aliyejua kusoma kupitia hivyo. Kitabu kilichochakaa kwa mikono ya watoto kimefanya kazi yake.

Ila fundisha namna ya kushika, kipindi kizima, ni somo. Mikono kwanza, weka ndoo na sabuni mlangoni, maana watoto wa huku mkono mmoja una vumbi na mwingine una ubuyu, na ile rangi nyekundu ya ubuyu ikishaingia kwenye karatasi haitoki, nina kitabu ambacho binti wa mfalme ana vidole vitano vyekundu mgongoni. Kitabu kinakaa mezani au mapajani, hakishikwi kwa sikio kama sungura. Ukurasa unageuzwa kwa juu, pembeni, kwa kidole kikavu, siyo cha mate. Wakae wawili wawili au watatu, mmoja anafungua, wenzie wanasimulia picha, mara wanabadilishana. Hata asiyejua kusoma herufi moja anasoma picha, na usimsahihishe akisimulia tofauti na ilivyoandikwa.

Hatua ya 10: vitabu vinatoka wapi

Anza na Maktaba ya Mkoa hapa Dodoma, kaulize utaratibu wa shule kuazima. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao, na tovuti ya African Storybook ni ya bure, ina hadithi nyingi za Kiswahili zenye picha ambazo unaruhusiwa kupakua na kuprinti. Ukienda stesheneri omba waprinti kwa A3 kama inawezekana, picha moja karatasi nzima. Simu ya tachi kwa watoto watano inatosha kuonyesha, kwa arobaini haifai, usijidanganye.

Ila kitabu bora kwa darasa lako ni kile mtakachotengeneza. Waambie watoto wakaombe hadithi kwa babu na bibi, wailete kichwani, kwa lugha yoyote. Chagueni moja. Igawe matukio sita, kila kikundi kichore tukio lake. Chukua karatasi tatu za manila, zikunje katikati, ukizipachika moja ndani ya nyingine unapata kurasa kumi na mbili. Shona kwenye mkunjo kwa sindano ya magunia na uzi wa katani, matundu matano. Picha moja kila ukurasa, sentensi moja chini kwa maka peni nyeusi, herufi ndefu kama kidole chako cha shahada, ili wa nyuma asome. Jalada piga nailoni. Nyuma andika majina ya wachoraji wote, hata yule aliyepaka rangi jani moja tu. Kama mna mtu anayeweza kuandika Kigogo au Kirangi vizuri, weka sentensi mbili mbili, juu ya nyumbani, chini ya Kiswahili. Kitabu cha namna hii watoto wanakipigania.

Hatua ya 11: kutunza

Huku adui ni mchwa. Boksi chini ya meza kwenye sakafu ya vumbi, likizo ya Juni moja tu, unarudi unakuta majalada ni mazima na ndani ni udongo. Kwahiyo tundika. Shona mfuko wa kiroba wenye vishikio, ning'iniza kwenye msumari mrefu au kamba kutoka kwenye kenchi, usigusane na ukuta. Panya nao hawafiki kirahisi. Teua viranja wa vitabu wawili, wabadilike kila mwezi, kazi yao ni kuhesabu vilivyotoka na vilivyorudi, na kila Ijumaa wakae na wewe dakika kumi mkague kurasa. Andika namba kwenye kila ukurasa kwa penseli, pembeni chini, hata kama kitabu hakikuja na namba. Ukurasa ukilegea ushone siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu, maana ukishatoka mlangoni na upepo huu wa huku utaukuta umekwama kwenye miiba upande wa pili wa uwanja, au hutaukuta.